Zombi Wakifika Tumati: Tuupime Mpango wa Binamu

Likizo iliyopita nilikuwa Tumati, kule Mbulu, na jioni moja tukaangalia filamu ya zombi kwenye kompyuta ya binamu yangu. Ilipoisha tu, jamaa akatangaza mpango wake. "Kaka, mimi zombi wakija nachimba nyumba ya chini kama za mababu. Naingiza ng'ombe kumi, naingiza mahindi, nafunga mlango. Wataniona wapi?"

Cheka ukipenda. Lakini mpango huu una kitu ambacho mipango mingi ya aina hii haina: ulishawahi kujaribiwa.

Kwanza tuelewane kuhusu zombi. Msukule wetu wa hadithi za uchawi hatutishi kwa namna hii, kwa sababu kazi yake ni kulimishwa shamba la mtu usiku, na haumi mtu. Zombi wa filamu ni ugonjwa wa kuambukiza uliopewa miguu. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mpango wa binamu una mantiki, usitafute vita. Tafuta ugonjwa uliopita hapa hapa na kuvuruga kila kitu. Upo, na unaitwa sotoka.

Nyumba anazozisema binamu zilikuwepo kweli. Wairaqw walichimba ubavu wa kilima, wakajenga ndani, wakaezeka kwa miti na udongo hadi paa likawa sawa na ardhi. Ukipita kwa mbali unaona mteremko wa nyasi, basi. Watu na mifugo walilala humo, na lengo lilikuwa kuwakwepa Wamaasai waliokuja kuteka ng'ombe. Kwa adui wa namna hiyo mpango ulikuwa mzuri sana. Mvamizi anatoka mbali, ana haraka, anatafuta kwa macho, na akikosa anachokitafuta anaondoka.

Sasa mlete adui asiyetafuta kwa macho. Sotoka ni virusi vya jamii moja na surua. Iliingia pembe ya Afrika kupitia Eritrea mnamo 1887, ikashuka, na kufikia 1891 ilikuwa imeshafika nchi ya Wamaasai. Mwaka 1896 ilikuwa ng'ambo ya mto Zambezi. Katika makundi ya ng'ombe yasiyowahi kuiona, ilikuwa inaweza kuua tisa kati ya kila kumi. Na hapa ndipo pabaya: ng'ombe aliyeambukizwa huanza kutoa virusi siku moja au mbili kabla hujaona dalili yoyote. Yaani yule unayemfungia ndani akiwa "mzima" anaweza kuwa ndiye anayekuletea msiba, na humo ndani ng'ombe wote wanavuta pumzi moja.

Tuseme binamu ana bahati, na amefunga mlango kabla ugonjwa haujaingia. Tupige hesabu. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 anahitaji kama kilo 6 za majani makavu kwa siku. Kumi ni kilo 60, na kwa mwezi ni kilo 1,800. Hiyo nyasi imekatwa lini, na imewekwa wapi? Halafu maji. Ukikadiria lita 25 kwa kila ng'ombe, unahitaji lita 250 kila siku, yaani zaidi ya madumu 12 ya lita 20. Lazima mtu atoke kwenda mtoni, na mtoni ndiko ng'ombe wa kijiji kizima wanakutana. Mpango wa binamu haufi kwa kung'atwa na zombi. Unafia kwenye dumu la maji.

Kwa maoni yangu, silaha ya kweli ya Wairaqw haikuwa nyumba ya chini. Ilikuwa shamba. Kwenye nyanda za juu za Irqwa Da'aw, ambako wengi wao walikuwa wamebanana karne ya 19, watu walilima mtama, maharage na viazi vitamu kwenye miteremko, wakatumia samadi, na ng'ombe wengine wakawekwa kwa jamaa na marafiki ili wote wasiwe zizi moja. Virusi vya sotoka havigusi kiazi. Ila tusijidanganye: ng'ombe wakifa samadi inaisha, na msimu unaofuata shamba nalo linalalamika. Na kusambaza ng'ombe kunasaidia tu kama ugonjwa haufiki kila zizi. Tena ng'ombe unayempeleka kwa rafiki anaweza kwenda nao.

Wamaasai, ambao maisha yao yalisimama zaidi juu ya mifugo, waliumia vibaya mno. Kipindi kile wanakiita Emutai, maangamizi. Baada ya sotoka ikaja ndui, ikaja njaa. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipita Ngorongoro mwaka 1892 akakuta watu waliobaki mifupa wakizunguka kambi yake wakitafuta chochote cha kula. Na waliopona walifanyaje? Wengi walikwenda kwa majirani wakulima. Watu waliokuwa wakiteka ng'ombe zao jana, leo wanaomba hifadhi, na baadhi walipokelewa, wakaoa, wakaolewa. Katika filamu, mtu anayegonga mlango wako usiku anapigwa risasi. Miaka ile ya 1890, kugonga mlango ndiyo ulikuwa mpango wenyewe. Nguvu ya Wamaasai ilipopungua, Wairaqw nao wakaanza kushuka kutoka kwenye ngome yao ya milimani na kuenea nchi zilizowazunguka.

Ile ndoto ya "nakimbilia mlimani" nayo naomba uipime upya. Mlima ulimkinga mtu dhidi ya mvamizi. Lakini tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakafa.

Wataalamu nao wamelicheza swali hili kwa umakini. Mwaka 2009 wanahisabati nchini Kanada waliandika milinganyo ya mlipuko wa zombi, wakaona kinachookoa ni kushambulia mapema, mara kwa mara na kwa nguvu inayoongezeka. Sotoka ilimalizwa kwa namna inayokaribia hiyo, ila risasi ilikuwa sindano: chanjo iliyotengenezwa na Walter Plowright na wenzake Muguga, Kenya, ikachomwa nchi baada ya nchi. Mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa haina tena sotoka. Mwaka huo huo kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kilitoa mwongozo wa kujiandaa kwa zombi: maji, chakula, dawa, na mahali ambapo familia imekubaliana kukutana.

Nilimsomea binamu hesabu ya madumu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama shangazi wa Dongobesh bado ana lile shamba la viazi.