Nani Amekutuma? Historia Fupi ya Kutembea Bure na Nduthi Gusii

Nilifika kwa sokoro saa kumi jioni, helmeti imejaa wadudu na jaketi imejaa vumbi jekundu la Manga. Nilikuwa nimetoka Nairobi alfajiri: Mai Mahiu, Narok, Bomet, Kaplong, Sotik, Keroka. Zaidi ya kilomita 300 kwa nduthi ya cc 150, peke yangu. Maze, nilikuwa najiona shujaa.

Mzee akatoka nje na fimbo yake. Akaniangalia, akaangalia nduthi, akauliza, "Ni nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa, sokoro."

"Basi ni nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimekuja tu."

"Umekuja tu." Akarudia polepole kama mtu anaonja dawa chungu. Halafu akaniambia niingie ndani, chai iko.

Nilipowasimulia watu hii stori, wote walicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini lile swali lilinikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu mzee hakuwa anatania. Kwake, barabara ni ya mtu aliyetumwa. Unaenda kazi, unaenda matanga, unaenda hospitali, unapeleka mahari. Kwenda bila sababu ni kitu hakina jina. Na nikianza kufuatilia historia yetu, naona kwa nini.

Kaa na mimi. Leo nitakuwa mrefu kidogo.

Mji wa Kisii wazee bado wanauita Getembe, na wengine Bosongo, yaani kwa wazungu. Hilo jina la pili linakuambia mji ulianza vipi. Waingereza walikuja na bunduki mwaka 1905, wakarudi kukaa. Januari 1908 kijana anaitwa Otenyo akamchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote, ambaye watu wetu walimwita Nyarigoti. Aliyewachochea vijana ni mwanamke, Moraa, nabii na mganga. (Weka hiyo akilini, nitamrudia.) Northcote akapona, na baadaye akawa hata gavana wa Hong Kong. Sisi hatukupona haraka hivyo. Jeshi lilikuja, nyumba zikachomwa, watu wakauawa, ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu.

Baada ya hapo ndo barabara zikaanza kuja. Sheria ya mwaka 1912 ya utawala wa wenyeji iliwapa machifu nguvu ya kuwaita watu wafanye kazi ya umma, na barabara zilikuwa miongoni mwa kazi hizo. Unaitwa, unakuja na jembe lako, unachimba, unarudi nyumbani. Zile kona tunazozipenda, zinazozunguka mlima kama nyoka amelala, nyingi zilianza na migongo ya watu ambao hawakuulizwa kama wanazitaka.

Wakati huohuo vijana wakapokonywa mahali pao. Zamani kulikuwa na ebisarate, kambi za ng'ombe ambako vijana walikaa pamoja mbali na nyumbani, wakilinda mifugo na kujuana. Serikali ikazifunga mwanzoni mwa miaka ya 1910. Kijana akabaki na njia mbili: kukaa nyumbani au kwenda kutafuta kazi ya mzungu.

Na hata kwenda kazi hukwenda hivi hivi. Baada ya Vita vya Kwanza kukaja kipande. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alibeba cheti chenye alama za vidole, ndani ya kikopo cha chuma, shingoni. Kilionyesha umeandikwa na nani, unalipwa nini, umeachwa lini. Ukipatikana barabarani bila hicho kitu, umevunja sheria. Babake sokoro alikuwa nacho. Alitembea kwa miguu kutoka Manga hadi mashamba ya chai ya Kericho, miaka ya 1930, kikopo kikigonga kifua hatua baada ya hatua. Sokoro anasema babake alikichukia kwa sababu moja tu: mbuzi wa soko nao walifungwa shingoni.

Sasa sikia hii. Desemba 1934 wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walitoka London na pikipiki moja aina ya Panther, ina kikapu cha abiria ubavuni na trela nyuma. Wakavuka Sahara. Wakapita Kongo, Uganda, Kenya, Tanganyika. Julai 1935 wakafika Cape Town. Ni moja ya safari kali zaidi kuwahi kufanywa na pikipiki, na mimi nawavulia helmeti bila kinyongo. Lakini weka hizo picha mbili pamoja. Wao walipita nchi hii na pikipiki kwa sababu walitaka kuona kama inawezekana. Babake sokoro, miaka hiyohiyo, alihitaji karatasi ya mwajiri ndo atembee hadi Kericho.

Kwa hivyo mtu akikwambia safari za nduthi ni "mambo ya wazungu", usibishane naye haraka. Kuna wakati ilikuwa hivyo kweli. Kutembea bure kulikuwa na wenyewe.

Pikipiki zenyewe zilifika huku zikiwa na mabwana. Jina ni la sauti tu, piki-piki-piki, na bibi zetu wakaliwekea Ekegusii: epikipiki. Lakini sauti hiyo kwa sokoro alipokuwa mtoto ilimaanisha padre, au bwana shamba, au mtu wa serikali. Ikisimama kwa boma lenu, kila mtu anajiuliza amefanya nini. Anasema walikuwa wanaisikia ikipanda mlima dakika nyingi kabla haijafika, na wenye pombe walikuwa na muda wa kutosha kuificha. Hiyo ilikuwa pikipiki ya kwanza: pikipiki ya anayetuma watu.

Halafu ukaja mwaka 2008, na huo mwaka una sura mbili kwetu.

Sura ya kwanza mnaijua. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka. Nyumba zilichomwa pande zote mbili, watu wakauawa, mawe yakalala barabarani. Ile njia ambayo mimi napita nikifurahia lami, kuna watu waliikimbia usiku na godoro kichwani.

Sura ya pili ni ya bajeti. Serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo, zile za chini ya cc 250. Mwaka 2005 nchi nzima ilisajili pikipiki 3,759. Mwaka 2011 zilikuwa zaidi ya 140,000. Angalia steji yoyote sai, kuanzia Daraja Mbili hadi Kebirigo, uone hizo namba zimesimama na jaketi za kuakisi mwanga. Nduthi ikawa ya hasla. Ilibeba ndizi, gunia la majani chai, mama mwenye uchungu saa nane usiku, jeneza pia. Ililipa karo yangu, kwa sababu binamu yangu mkubwa aliendesha boda miaka sita na sehemu ya hizo pesa ilikuwa yangu. Mwaka 2016 akagongwa kwenye mvua. Hadi leo anachechemea. Mama hawezi kusikia injini ikipita nje bila kuacha anachofanya.

Hiyo ilikuwa pikipiki ya pili: pikipiki ya anayetumwa.

Sisi tunaoendesha kwa sababu tunapenda ndo kizazi cha tatu. Na nasema hivi bila aibu: raha yetu si upuzi. Ina historia mgongoni.

Acha nikuambie ni raha gani, kwa sababu watu hufikiria ni spidi. Spidi unaipata hata kwa matatu. Ukiwa peke yako kwa nduthi, unarudishiwa pua. Ukipita kiwanda cha chai Nyansiongo unajua bila kuangalia, harufu ya majani yanayokaushwa inaingia ndani ya helmeti. Mbele kidogo ni mikaratusi iliyolowa. Keroka ni nyama ya kuchoma na vumbi la soko. Ngozi nayo inajua urefu wa mlima: unatoka joto la Narok, na ukifika Metamaywa baridi imeshaingia kwa mikono ya jaketi. Mvua ya Gusii hufika mchana kama mtu wa miadi, kwa hivyo unajifunza kusoma mawingu. Unasimama unapotaka. Unazima injini pale kwenye ukingo wa Manga, chini kuna mashamba yamekatwa vipande vidogo kama kitenge, na anga ikikubali unaona Ziwa Victoria likimeta mbali kule. Hakuna dereva wa kukuambia turudi ndani, tunachelewa.

Ukiwa peke yako pia unaongea na watu. Mtu wa gari hupungiwa mkono. Mtu wa nduthi huulizwa maswali. Na mimi nikivua helmeti, maswali huongezeka: "Kumbe ni msichana?" Ndio, ni msichana. Wakianza kunieleza mwanamke wa Kisii hafanyi hivi wala vile, mimi humtaja Moraa halafu naomba maji ya kunywa. Kawaida maji huja haraka.

Raha ya klabu ni nyingine kabisa. Mara ya kwanza niliogopa, nilidhani ni wasee wa kelele na mashine za mamilioni. Nikakuta sheria. Kuna kiongozi mbele anayejua njia, kuna mtu wa mwisho ambaye hamwachi yeyote nyuma yake. Mwenye mashine ndogo au mgeni anawekwa karibu na mbele, ili kundi liende kwa mwendo wake. Tunapanga mstari wa kupishana, mmoja kushoto mmoja kulia, kila mtu na nafasi yake ya breki. Shimo likionekana, mguu unanyooka kulionyesha, na ishara inasafiri nyuma mtu kwa mtu hadi wa mwisho. Siku mnyororo wangu ulikatika karibu na Keumbu, watu kumi na moja walisimama kwenye manyunyu kwa dakika arobaini, na hakuna aliyelalamika. Mmoja alishika tochi, mwingine akatoa kiungo cha akiba mfukoni kama peremende.

Nilipomsimulia sokoro hilo, ndo uso wake ulifunguka. "Hiyo ni egesangio," akasema. Egesangio ni kikundi cha kazi: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na hakuna shamba linaachwa. Mimi niliongeza kimoyomoyo kwamba ni egesarate pia, ile kambi iliyofungwa zamani. Vijana mbali na nyumbani, wanalindana, wanajuana. Tofauti ni kwamba ng'ombe wetu wanakunywa petroli, na wasichana tumo.

Kuna safari moja siisahau. Klabu ilikuwa inatoka Kisii kuelekea Bomet, na tukasimama upande wa Sotik kula mahindi ya kuchoma. Mwenzetu mmoja ni Mkipsigis wa hapo karibu. Tukiwa tumekaa kwenye nyasi akaonyesha kilima, akasema mwaka 2008 alikuwa na miaka tisa, alijificha pale na mamake. Nikamwambia shangazi yangu alikimbia kutoka upande ule mwingine wa barabara ileile. Hatukutoa hotuba. Aligawanya hindi lake mara mbili akanipa nusu, tukavaa helmeti. Lakini nilipoona taa yake kwenye kioo changu njia nzima, nilijua ninaona kitu ambacho miaka hiyo hakikuwezekana.

Sasa, mama yangu atasoma hii, kwa hivyo niseme wazi. Raha haikukingi na kifo. Vaa helmeti ya kweli na uifunge, usiiweke juu ya kichwa kama sufuria. Jaketi, glavu, viatu vya kufunika kifundo. Usiendeshe milima hii usiku ukiwa na mvua na haraka. Ukichoka, lala. Na mheshimu mtu wa boda: wewe uko barabarani kwa raha, yeye yuko kwa unga, na anajua hiyo kona kuliko wewe.

Sokoro? Asubuhi ya kuondoka nilimkuta amesimama kando ya nduthi, kofia yake ameishika mkononi. Akauliza kama kile kiti cha nyuma ni cha watu au cha mizigo. Nikamvalisha helmeti yangu ya akiba, nikamfunga jaketi, tukaenda polepole, gia ya pili, hadi ukingo wa Manga. Ni mwendo mfupi. Alinishika mabega kwa nguvu kama mtu anashika ng'ombe mkorofi.

Tulipokuwa tunakaribia juu, jirani yake alikuwa anakata majani kando ya njia. Akashangaa, akapaza sauti kwa Ekegusii: mzee, ni nani mgonjwa? Mnaenda wapi?

Sokoro akainua mkono mmoja, wa kwanza kuachia bega langu tangu tutoke nyumbani.

"Hakuna mgonjwa," akamjibu. "Natembea tu."

Wewe je, mara ya mwisho ulitembea tu ni lini? Desemba tunapanda tena. Nafasi ya mashine ndogo iko mbele, karibu na kiongozi.