Asili ya neno 'bus'

Neno la Kiingereza 'bus', lililozaa 'basi' la Kiswahili, ni kipande cha neno la Kilatini 'omnibus', yaani 'kwa ajili ya wote'. Mwaka wa 1828 jijini Paris, magari ya kukokotwa na farasi yaliitwa hivyo kwa kuwa yalimbeba yeyote aliyelipa nauli. George Shillibeer aliyaanzisha London mwaka wa 1829. Waingereza walipolifupisha jina hilo, walitupa shina lenye maana ya 'wote', wakabakiza kiishio tu.

Injini ilichukua mahali pa farasi, lakini si kila mahali basi lilikuwa la wote. Huko Montgomery, Marekani, Rosa Parks alikamatwa Desemba 1, 1955 kwa kukataa kumwachia mzungu kiti. Watu weusi waligomea mabasi hadi Desemba 1956, Mahakama ya Juu ilipokuwa imeharamisha ubaguzi huo.