Kutoka hendeli hadi chipu: ufunguo wa gari kwenye njia ya Tabora

Asubuhi gari limewaka vizuri Tabora mjini, likashika njia ya Nzega hadi Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui. Dereva amezima, ameshughulikia yake ofisini, ametoka. Anazungusha ufunguo: stata inapiga kwa nguvu, injini haishiki. Anarudia, wapi! Baada ya robo saa linawaka lenyewe bila kuguswa kitu. Kesho linakwenda, keshokutwa limegoma tena.

Betri ndiyo hulaumiwa kwanza, kisha pampu ya mafuta, kisha pulagi. Nimeona watu wakibadilisha vyote vitatu, na ugonjwa ukabaki palepale, kwenye ufunguo walioushika mkononi.

Njia hii ina historia ndefu ya kulinda mali. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipotua Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, vitambaa, shanga na pembe za ndovu vilitafutiwa pa kulala. Mwaka 1871 Stanley aliweka bidhaa zake kwenye tembe la Kwihara, na mwaka uliofuata Livingstone alikaa humo miezi kadhaa. Ulinzi ulikuwa ukuta mnene, mlango mzito na watu wa kukesha.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Mwaka huohuo, huko Marekani, Cadillac ilitoa magari yenye stata ya umeme aliyoibuni Charles Kettering. Kabla ya hapo injini iliamshwa kwa hendeli, na hendeli ikirudi nyuma ilivunja mkono wa mtu. Ufunguo wa kuzungusha hadi injini iwake ulikuja baadaye sana, kwa Chrysler, mwaka 1949.

Ufunguo ule ulikuwa chuma tu. Mwizi aliunganisha nyaya mbili akaondoka. Lakini hata mwenye gari alipokwama alijikomboa kwa njia hiyohiyo, au vijana walisukuma, akaachia klachi, safari ikaendelea. Kwa barabara za Unyamwezi huo ulikuwa msaada mkubwa, nao ndio tulioupoteza.

Mabadiliko yalianzia kwenye Corvette ya mwaka 1986. General Motors waliupachika ufunguo kipande kidogo cha kuzuia umeme, chenye kipimo kimoja kati ya 15. Gari lilikipima, kipimo kisipolingana, haliwaki kwa dakika kadhaa. Mwizi alipata kazi, na mwenye gari naye pia. Kipande kilichafuka na kulika, nyaya nyembamba ndani ya swichi zikakatika kwa kuzungushwa kila siku. Hapo ndipo ulipozaliwa ugonjwa wa leo lawaka, kesho haliwaki.

Ulaya iliondoa haja ya kipande hicho kugusana na swichi. Wizi wa magari ulikuwa umezidi baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka, na kampuni za bima zilidai dawa. Ford ilianza mwaka 1993 kutumia chipu iliyofichwa kwenye plastiki ya ufunguo, na kufikia Oktoba 1998 Umoja wa Ulaya ulikuwa umelazimisha kinga ya aina hiyo kwa magari mapya. Wajapani nao waliifuata njia hiyo, na magari yao yaliyotumika ndiyo yaliyojaa kwetu, mengi yakishuka bandarini na ufunguo mmoja tu.

Chipu hiyo haina betri. Koili iliyozunguka tundu la swichi huipa nguvu, nayo hujibu kwa namba yake. Kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, isiposikia namba inayoijua, hufunga mafuta au moto wa pulagi. Kusukuma hakusaidii tena. Kununua betri ndogo ya rimoti pia hakusaidii, kwa sababu rimoti hufungua milango tu. Magari ya kubonyeza kitufe ni habari nyingine: betri ya ufunguo ikiisha, mengi huwaka ukiugusisha ufunguo kwenye kitufe.

Kwa hiyo, likigoma, tazama dashibodi kabla ya kufungua boneti. Kwenye Toyota nyingi taa ndogo ya ulinzi humeta gari likiwa limezimwa, na huzimika ufunguo ukiingia. Ikiendelea kumeta na ufunguo umo, gari halijautambua. Toa funguo nyingine kwenye pete, hasa zenye chipu, maana huvurugana. Kaza vichwa vya betri, kwani umeme ukishuka kontrol boksi hukosea kusoma. Kisha jaribu ufunguo wa pili. Ukiwasha kila mara, chipu ya kwanza imepasuka, pengine kwa kudondoka sakafuni. Zote mbili zikigoma kwa kupokezana, mwambie fundi umeme akague koili na soketi yake, pamoja na viungo vya alamu yoyote iliyoongezwa baadaye. Waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa gundi ya plastiki hulegea kwenye barabara ya vumbi.

Ufunguo mmoja ukiwa mzima, kusajili wa pili ni kazi nyepesi kwa fundi mwenye mashine. Zikiharibika zote, huenda kontrol boksi ikalazimika kufunguliwa au kubadilishwa. Na kama yule dereva wa Isikizya anao wa akiba lakini kauacha kabatini Tabora, atamtuma mtu wa bodaboda akaulete, naye abaki kivulini akisubiri.