Kanda Isiyo na Jina: Fasihi Simulizi ya Banyala wa Navakholo na Historia ya Uhifadhi

Yeyote aliyepata kufundisha fasihi simulizi katika vyuo vikuu vyetu analifahamu kabati la kanda. Tangu Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotoa waraka wao wa Oktoba 1968 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wakidai kwamba fasihi ya Kiafrika, ikiwemo ile ya mdomo, iwe ndiyo kitovu cha masomo, wanafunzi wamekuwa wakitumwa nyanjani na vinasasauti. Wakarudi, wakaandika tasnifu, wakahitimu. Kanda zikabaki kabatini.

Katika kabati moja la aina hiyo tulikuta kanda iliyoandikwa "Navakholo, matanga", basi. Jina la fanani halimo, tarehe haimo, na hakuna dalili kwamba wafiwa waliombwa ruhusa. Unukuzi ulioambatana nayo ulifanywa na msemaji wa Lubukusu, naye, bila hila yoyote, aliyasikia maneno ya Lunyala kwa sikio la kwao. Makala haya yanashikilia kwamba uwezo wa wenyeji wa kuhifadhi turathi zao kidijitali haupimwi kwa idadi ya mashine walizopewa, bali kwa mamlaka waliyo nayo ya kunukuu, kueleza na kukataa.

Banyala wa Navakholo, ambao aghalabu huitwa Banyala ba Ndombi kwa jina la chifu wao wa enzi ya ukoloni, ni sehemu ndogo ya Waluhya, nao wamezungukwa na majirani wenye lahaja zilizo karibu na yao. Hata Lunyala ya Busia haifanani kabisa na ya Navakholo. Ndipo tunapokabiliwa na suala la maandishi. Katika miaka ya 1940 kamati ya lugha, ambamo mmisionari L. L. Appleby alikuwa na sauti kubwa, ilijaribu kuunda Luluyia sanifu kwa ajili ya lahaja zote. Jaribio hilo halikufua dafu. Waragoli walishikilia maandishi yao, na Biblia kamili ya Lulogooli ikatoka mwaka 1951. Babukusu nao hawakuridhika. Makundi makubwa yaliweza kukataa kwa sababu yalikuwa na cha kushika badala yake. Banyala hawakuwa na misheni iliyowachapia vitabu vyao, na hadi leo anayenukuu Lunyala analazimika kuazima tahajia ya jirani. Katika orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha, lahaja hii imepewa msimbo wake wenyewe, nle, chini ya Luluyia. Mtunzaji wa nyaraka anaweza kuibandika faili lebo sahihi kabisa huku maandishi yaliyomo ndani yakiwa ya watu wengine!

Mwanahistoria Gideon Were alikusanya masimulizi ya wazee wa Magharibi mwa Kenya, akayachapisha mwaka 1967. Deni letu kwake ni kubwa. Hata hivyo, alichokitafuta kilikuwa uhamaji na nasaba za koo, na alichokichapisha kilikuwa Kiingereza. Mhakiki anayetafuta kiimbo, kimya, au kiitikio cha hadhira hawezi kukipata humo.

Mfano ulio karibu zaidi na tunachokidai unatoka Laikipia. Mnamo Septemba 2008, Wamaasai wawili wa Il Ngwesi, pamoja na afisa mmoja wa Makavazi ya Taifa ya Kenya, walipelekwa Marekani kwa mpango wa Shirika la Dunia la Miliki Bunifu. Walifunzwa katika Maktaba ya Bunge na Chuo Kikuu cha Duke namna ya kurekodi na kutunza nyaraka, pamoja na haki zinazoambatana na kurekodi. Vifaa vyao wenyewe walikabidhiwa mwaka 2009. Tunavutiwa na mpango huo kwa kuwa uliunganisha ufundi na haki. Lakini ulikuwa wa majaribio, na watu wawili ni wachache mno: wakihama, ujuzi unahama nao.

Kakamega yenyewe ilipata kutajwa mwaka 2014, Isukuti ya Waisukha na Waidakho ilipoingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa kwa haraka. Kisha sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tanzu za kitamaduni ikazipa kaunti jukumu la usajili, ikaagiza pawe na hazina ya kidijitali chini ya Bodi ya Hakimiliki, na ikaitambua idhini ya jamii. Sheria ni nzuri. Ila msajili atasajili nini ikiwa maneno yenyewe hayajanukuliwa na mtu anayeyajua?

Nakala ya kanda yetu tuliipeleka Navakholo ikiwa ndani ya tarakilishi. Wazee walimtambua fanani kwa kikohozi chake, kabla hajatamka neno. Kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alichukua unukuzi wetu na kalamu nyekundu, akasahihisha ukurasa wa kwanza karibu wote. Alipofika wa pili alisimamishwa. Mjane wa marehemu aliyeliliwa katika kanda ile alikuwa hai, amekaa chumba cha pili, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Tuliizima.