Mjusi wa Tendaguru na vichwa vilivyombeba

Mwaka 1906, Bernhard Sattler, mhandisi wa kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikitafuta madini bara ya Lindi, alikuta mfupa mkubwa ajabu umejitokeza njiani, chini ya kilima cha Tendaguru. Vitabu vinamwita mgunduzi. Lakini njia ile haikukatwa na Sattler. Ilikuwa njia ya watu, na watu wana macho.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Vita vya Maji Maji vilikuwa vinamalizwa kwa moto, ghala na mashamba yameteketezwa, njaa imetanda kusini. Hali ikiwa hiyo, mwaka 1907 akaja Eberhard Fraas, mtaalamu wa visukuku kutoka Stuttgart. Alichimba kidogo tu, lakini alichorudi nacho kiliwatoa wenzake udenda. Berlin ikachangisha fedha, na kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya viumbe asilia ya mji huo yakachimba Tendaguru chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwishoni Hans Reck.

Hiyo "chini ya" ni mazoea ya kuandika. Wazungu kilimani walikuwa wawili au watatu, wachimbaji walifikia karibu 500. Walikuja na wake na watoto, kukawa kijiji. Mnyapara mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Yeye na wenzake ndio waliojua kuutenga mfupa na jiwe bila kuuvunja, kazi ambayo sululu huianza na kisu kidogo huimaliza. Mbao za makasha zilikuwa haba, basi mifupa mingi ikakingwa kwa udongo na kufungiwa ndani ya mianzi.

Kisha safari. Kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi ni kama kilomita 60. Reli haikuwapo, na mbung'o hawakuruhusu punda wala ng'ombe kudumu. Mfupa uliozidi nguvu za mtu mmoja ulikatwa vipande, na usiokatika ulining'inizwa kwenye mti na kubebwa na watu kadhaa. Mingine yote ilikwenda kichwani, safari baada ya safari, mpaka zikatimia tani zipatazo 225. Ningependa sana kusoma masimulizi ya mpagazi mmoja wa njia ile. Ya Wajerumani yapo tele.

Na walichobeba kilikuwa dunia nzima. Miaka milioni 150 hivi iliyopita Tendaguru ilikuwa pwani: wangwa, mikondo ya maji kupwa na kujaa, misitu nyuma yake. Bara letu bado lilikuwa limeshikana na ardhi nyingine za kusini. Ndiyo maana kilimani hapo tabaka za mifupa ya dinosaria zimepishana na tabaka za makombe ya baharini. Alikuwapo Kentrosaurus, mwenye mabamba mgongoni na miiba mirefu kuelekea mkiani. Na alikuwapo yule ambaye Watanzania wengi humwita mjusi tu, Giraffatitan, ambaye mifupa yake iliyosimamishwa Berlin ina kimo cha zaidi ya meta 13.

Majina ya kisayansi ya wanyama hawa yanasomeka kama daftari la michango ya harusi. Giraffatitan brancai ni heshima kwa Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho. Dicraeosaurus hansemanni ni ya David von Hansemann, aliyesaidia kutafuta fedha. Mwaka 1919 mmoja alipewa hata jina la Lettow-Vorbeck, jenerali aliyepigana vita vilivyoiacha nchi hii na njaa nyingine. Boheti alisubiri hadi 2007, pale Australodocus bohetii alipoandikwa. Karibu miaka mia moja!

Waingereza nao walijaribu. Mwaka 1924 walimtuma William Cutler, akifuatana na kijana Louis Leakey. Mwaka uliofuata Cutler alifariki Lindi kwa malaria. Kazi iliendelea hadi 1931, lakini haikufikia mavuno ya wale wa kwanza.

Mjusi alisimamishwa Berlin mwaka 1937, bendera za Wanazi zikipepea ukumbini. Vita vya pili vilipopamba moto alifumuliwa na kufichwa, akasimamishwa tena 1953, na tena 2007 akiwa amenyooshwa miguu ya mbele kadiri ya ujuzi mpya.

Bungeni Dodoma suala lake limeulizwa zaidi ya mara moja: arudi, au Lindi ipate nini? Majibu ya serikali yameelekea kwenye gharama na ugumu wa kumsafirisha na kumtunza, na kwenye ushirikiano na Wajerumani. Gharama sibishi, na utunzaji unahitaji jengo na wataalamu. Ila habari ya ugumu wa safari inanishinda kuimeza. Mwaka 1984 mifupa hiyohiyo ilifunguliwa, ikapakiwa, ikapelekwa Japani kuonyeshwa Tokyo, kisha ikarudishwa Berlin salama.