Kuchagua sanduku la ordinatere inayopozwa na maji: nini ya kuangalia kama unataka mashine isiyopiga makelele

Katika studio ndogo za muziki, katika vyumba vya montaje ya video, hata katika redio za kijamii za huku mashariki, shida moja inarudi kila mara: mikro inasikia kila kitu. Inasikia mvua kwenye mabati, jenereta ya jirani, na ventilatere za ordinatere iliyo chini ya meza. Kwa mvua na jenereta hatuna nguvu. Kwa ordinatere, nguvu tuko nayo.

Vijana wengi wanaojitengenezea ordinatere wanafikiri dawa yake ni mfumo wa maji. Wanatoa makuta mingi, wanaufunga ndani ya sanduku la bei rahisi, lile watu wanaita bwatie, na mashine inaendelea kuvuma kama mbele. Kinachonyamazisha mashine ni nafasi, na nafasi inatoka katika sanduku. Juu ya hiyo, sanduku njo la kuchagua kwanza, mbele ya radiatere na mbele ya pompi.

Maji yanafanya kazi gani?

Prosesere ikifanya kazi inatoa joto. Kubwa kama Core i9-14900K ya Intel inaweza kufika wati 253, na joto lote hilo linatoka katika kipande kidogo tu. Juu yake kunafungwa kipande cha shaba ambamo maji yanapita. Pompi ndogo inasukuma maji katika tiyo mpaka kwenye radiatere, sawa na ile ya gari. Hapo ventilatere zinapitisha hewa, joto linatoka, na maji yanarudi kuchukua mengine.

Kwa hiyo maji ni mbeba mizigo tu. Mwishoni ni hewa ya chumba njo inapokea joto lote. Ventilatere zingali pale, na pompi nayo imeongezeka na sauti yake. Faida ya maji ni moja: yanapeleka joto kwenye radiatere kubwa, na radiatere kubwa inaweza kupozwa na ventilatere zinazozunguka polepole.

Polepole njo siri ya kimya. Ventilatere ikipunguzwa mwendo mpaka nusu, makelele yake yanapungua karibu desibeli 15. Sikio la mtu linasikia upungufu wa desibeli 10 kama vile sauti imekatwa nusu. Tena, ukiweka ventilatere ya pili sawa na ya kwanza, unaongeza desibeli 3 tu. Maana yake ventilatere mbili zinazokwenda polepole zinanyamaza kuliko moja inayokimbia. Sanduku dogo halikupi nafasi ya kufanya hivyo.

Vipimo: chukua metre mkononi

Radiatere zinaitwa kwa hesabu ya ventilatere zake. Ile ya 240 inabeba mbili za milimetre 120, ile ya 360 inabeba tatu. Ile ya 280 inabeba mbili za milimetre 140. Lakini hesabu hiyo haihesabu vichwa vya radiatere. Ya 240 kwa kweli iko na urefu wa karibu milimetre 275 mpaka 280, ya 280 inafika karibu 315, na ya 360 inakaribia 400. Sanduku lililoandikwa kwamba linapokea ya 360 linapaswa kuwa na urefu huo ndani, bila waya wala kikapu cha diski kufunga njia.

Unene nao unadanganya watu. Radiatere ya kawaida iko na unene wa milimetre 27 na ventilatere 25, jumla 52. Zingine ziko na unene wa 38, basi jumla inafika 63. Ukiifunga mbele ya sanduku, inakula nafasi ya karte grafike. Tuseme sanduku linapokea karte ya milimetre 360. Ukitoa 52, zinabaki 308. Karte yako ikiwa na 320, haiingii. Ukiifunga juu, inaweza kugonga memwari ndefu ao vipande vya chuma vilivyo juu ya karte-mere. Angalia nafasi iliyo kati ya karte-mere na dari ya sanduku.

Kati ya saizi hizo, ile ya 280 inasahauliwa sana. Uso wa ventilatere zake mbili ni sentimetre za mraba 392. Ya 240 iko na 288, na ya 360 iko na 432. Basi kwa ventilatere mbili tu unakaribia kazi ya tatu. Lakini si kila sanduku linapokea ventilatere za 140. Uliza mbele ya kulipa.

Mbele kufungwa ao mbele wazi?

Hapa njo watu wanabishana zaidi. Kampuni ya Fractal Design ya Sweden ilitoa mwaka 2020 masanduku mawili yenye mifupa ileile. Define 7 iko na mlango wa mbele uliofungwa na kuta zilizobandikwa kitu kizito cha kumeza sauti. Meshify 2 iko na wavu mbele, na hewa inaingia bila kizuizi.

Kwa macho ya kwanza, iliyofungwa njo ya kimya. Ni kweli kama mashine haitoi joto mingi. Ile bitana ya ukutani inameza vizuri sauti nyembamba, kama mlio wa koili za umeme ao diski inayokwaruza. Sauti nene ya mvumo inapita. Na mlango uliofungwa unanyima radiatere hewa: maji yanapanda joto, ventilatere zinaongeza mwendo, na kile ulichokwepa kinarudi.

Basi angalia kazi yako. Kama unarekodi sauti na kuandika tu, na prosesere ni ya kadiri, sanduku lililofungwa linakufaa. Kama unafanya montaje ya video masaa mengi, na karte grafike kubwa, chukua la wavu na uweke ventilatere mingi zinazozunguka polepole. Katika yote mawili, chuma kiwe kinene. Gonga ukuta wa sanduku kwa kidole: ukilia kama debe, utalia vilevile pompi ikitetemeka. Pompi na ventilatere zikae juu ya mpira, zisiguse chuma moja kwa moja.

Vumbi na mwinuko wa kwetu

Vitabu vya maelezo vinaandikwa kwa watu wa nchi za pwani na za nyumba zilizofungwa. Huku kwetu kuko mambo mawili ya kuongeza.

La kwanza ni vumbi. Goma iko na vumbi la mawe ya volkano, ambalo ni kali na linakwaruza. Miji mingine iko na vumbi jekundu la barabara. Vumbi likijaa katikati ya mapezi ya radiatere, hewa haipiti tena, na ventilatere zinapiga makelele kwa bure. Chagua sanduku lenye filitri kila mahali hewa inapoingia: mbele, chini, na juu kama radiatere inavuta hewa kutoka juu. Filitri zitoke kwa mkono, bila kufungua vis wala kulaza mashine. Kama kuitoa ni kazi, hautaiosha. Kwa kiangazi, kuiosha kila juma si mingi.

Weka pia ventilatere mingi za kuingiza hewa kuliko za kuitoa. Hewa itasukuma kutoka ndani kupitia nyufa zote, na vumbi halitapata mlango wa nyuma.

La pili ni mwinuko. Goma na Bukavu ziko karibu metre 1.500 juu ya bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi karibu asilimia 14 kuliko ya pwani, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Radiatere inayotosha Dar es Salaam kwa mwendo fulani itahitaji mwendo zaidi hapa. Chumba chetu ni baridi zaidi, na hiyo inasaidia, lakini usichukue saizi ya mwisho kabisa. Kama maelezo yanasema 240 inatosha, tafuta sanduku linalopokea 280 ao 360. Kwa watu wa Kisangani ao Kindu, hewa ni nzito kidogo lakini chumba ni cha joto. Ushauri ni uleule.

Pompi isiwe juu ya yote

Mfumo wa maji unaouzishwa tayari umefungwa unabaki na hewa kidogo ndani, na kwa miaka maji yanapungua kidogo kidogo kupitia tiyo. Hewa inapanda mahali pa juu kabisa. Kama mahali hapo ni pompi, itagugumia kama mtu anayekunywa chini ya chupa, na itakufa mapema. Kwa hiyo kichwa cha radiatere lazima kipite pompi kwa kimo. Kufunga radiatere juu ya sanduku njo vizuri zaidi. Kuifunga mbele, ikiwa imesimama, inawezekana, ila kichwa chake cha juu kipite pompi, na tiyo zitokee chini kama zinafika. Kuifunga chini ya sanduku, hapana.

Kwa wale wanaojenga mfumo wenyewe, na tanki na tiyo za kukata, sanduku liwe na nafasi ya tanki, ya mkono kuingia, na ya robine ndogo ya kumwaga maji pa chini kabisa. Usichanganye radiatere ya aliminyumu na kipande cha shaba, kwani moja itakula ingine. Usitie maji ya robine wala ya mvua. Kuko watu wanatia maji safi ya batri, yale yasiyokuwa na chumvi, pamoja na dawa ya kuzuia kutu na majani. Inawezekana. Lakini angalisho: kwenye soko, jina « maji ya batri » wanaliita pia asidi. Soma chupa. Asidi itatoboa kila kitu na kuchoma mikono yako.

Mbele ya kuwasha mashine yote, acha pompi peke yake izunguke siku moja, na karatasi kavu chini ya kila kiungo. Karatasi ikilowana, umeokoa ordinatere. Umeme ukikatika, usiogope: pompi inasimama, prosesere nayo inasimama. Hatari ni pompi kufa wakati mashine inaendelea. Hapo prosesere inajipunguza nguvu yenyewe, kisha inazimika. Mashine ikianza kuzimika bila sababu, gusa tiyo: moja ya moto sana na ingine baridi, maji hayatembei.

Kioo, barabara na mitumba

Masanduku mengi ya sasa yako na ukuta wa kioo. Ni mazuri kwa macho, lakini kioo hakimezi sauti, na hakipendi pikipiki. Kama mashine itasafiri, hata kwa mashua kati ya Bukavu na Goma, chukua kuta za chuma. Toa karte grafike, ibebe pembeni, na tunza karatoni na povu vya mwanzo.

Wengine wanafikiria kutumia masanduku ya okazyo ya ofisi, ya Dell ao HP. Ni magumu na yako na chuma kizuri. Lakini mara nyingi karte-mere na alimantasyo yake ni za umbo la kampuni yenyewe, na hakuna pa kufunga radiatere. Yaache kwa kazi yake ya ofisi.

Kama makuta haitoshi

Si lazima kila mtu aweke maji. Prosesere ya wati 65 katika sanduku kubwa, na kipozeo kirefu cha hewa chenye ventilatere ya 120 ao 140, inaweza kunyamaza kuliko mfumo wa maji wa bei rahisi, na hakuna pompi ya kufa. Pima tu upana wa sanduku: vipozeo vikubwa vinafika karibu milimetre 160 kwa kimo.

Tena kuko dawa isiyo na bei: toboa ukuta, weka ordinatere chumba cha pili, na upitishe kebo za ekrani na mikro. Hakuna sanduku linaloshinda ukuta wa matofali. Lakini usiifungie ndani ya kabati bila njia ya hewa.

Mbele ya kulipa, uliza haya

1. Radiatere ya saizi gani inaingia juu, na inabaki nafasi gani mpaka kwenye karte-mere?
2. Nikiweka radiatere mbele, karte grafike ya urefu gani inaingia?
3. Ventilatere za 140 zinafungwa wapi, na ngapi?
4. Filitri ziko wapi, na zinatoka kwa mkono?
5. Ukuta ni wa chuma kinene ao wa kioo?
6. Kuna mipira chini ya diski, alimantasyo na ventilatere?

Mwenye duka asipoweza kujibu, omba afungue sanduku, na upime mwenyewe. Metre ya fundi cherehani inatosha. Radiatere unaweza kubadilisha kesho, pompi vilevile. Sanduku, ukikosea, unabomoa nyumba yote ili kulitoa.