Kwanini kimiminika kinageuka kioo? Stori ya entropia

Kuna maneno yanazunguka sana mashuleni kwamba kioo cha dirisha ni kimiminika kinachotiririka polepole, ndiyo maana vioo vya makanisa ya kale huko Ulaya ni vinene upande wa chini. Si kweli. Mafundi wa enzi zile hawakuweza kutoa kioo chenye unene sawa kila mahali. Mwaka 1998 mwanasayansi wa Brazili, Edgar Zanotto, alipiga hesabu akaonyesha kwamba kioo kitiririke hadi uone tofauti, umri wote wa ulimwengu hautoshi.

Lakini swali gumu lipo, na hadi leo wataalamu wanabishana.

Kioo ni nini hasa?

Chumvi na barafu ni fuwele, yaani molekuli zimejipanga safu kwa safu. Kwenye kioo molekuli zimekaa shaghalabaghala kama za kimiminika, ila hazihami. Hata peremende ngumu ni kioo cha sukari. Chukua gliserini, ile ya kupaka. Kikawaida inatakiwa igande kuwa fuwele kwenye nyuzi 18 za Sentigredi, lakini mara nyingi inapitiliza bila kuganda. Ukizidi kuipoza inakuwa nzito, nzito zaidi, hadi karibu nyuzi -83 inakuwa kioo. Hapo uzito wake wa kutiririka umeshazidi ule wa maji mara 1 yenye sifuri 15 nyuma yake!

Entropia inaingiaje?

Wengi tuliambiwa entropia ni vurugu. Bora useme ni kipimo cha njia ngapi molekuli zinaweza kujipanga. Njia nyingi, entropia kubwa. Kimiminika kina njia nyingi kuliko fuwele.

Mwaka 1948 Mmarekani Walter Kauzmann aligundua jambo la ajabu. Ukipoza kimiminika bila kukiacha kigande, entropia yake inashuka haraka kuliko ya fuwele. Ukiuendeleza mchoro kwenye karatasi, mistari miwili inakutana kabla ya kufika sifuri halisi (nyuzi -273). Kwa gliserini inakadiriwa ni karibu nyuzi -138. Chini ya hapo, kimiminika kisicho na mpangilio kingekuwa na njia chache kuliko fuwele iliyopangika! Inawezekanaje?

Kwenye maabara hatufiki huko, kwa sababu kioo kinatokea kwanza. Na ukipoza polepole zaidi, kioo kinatokea kwenye joto la chini zaidi, kwa hiyo nyuzi -83 si namba ya kudumu kama ile ya barafu kuyeyuka.

Mwaka 1965 Adam na Gibbs walitoa maelezo. Fikiria daladala iliyoshona. Ikiwa na nafasi, abiria anashuka bila kumsumbua mtu. Ikijaa, mmoja akitaka kushuka inabidi watu kumi wasogee pamoja. Walisema molekuli ziko hivyohivyo: njia za kujipanga zikipungua, kundi linalotakiwa kusogea kwa pamoja linakuwa kubwa, na muda wa kusubiri unarefuka mno. Kwa maneno mengine, entropia ikiisha, mwendo unakwama.

Ubishi uko wapi?

Kambi moja inasema kule chini kuna badiliko la kweli la maada, ila hatuwezi kulifikia. Kambi nyingine inasema hakuna kitu, ni mwendo tu uliopungua. Mwaka 2013 watafiti walipima kaharabu, ule utomvu wa miti uliogeuka kioo, yenye umri wa miaka milioni 20. Walikuta mwendo wa molekuli haukwami kama nadharia hizo zinavyotabiri. Hoja nzito kwa kambi ya pili. Kwa upande mwingine, hesabu za Giorgio Parisi wa Italia, aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 2021 kwa kazi yake juu ya mifumo isiyo na mpangilio, zimeipa nguvu kambi ya kwanza.

Philip Anderson, naye mshindi wa Nobel, aliandika mwaka 1995 kwamba asili ya kioo huenda ndilo fumbo zito kuliko yote katika nadharia ya vitu vigumu. Bado halijafumbuliwa.

Wewe uko kambi gani, na kwanini? Wana fizikia na kemia, mwageni hoja hapo chini.